Emrys Alisema ni Mchungaji

Jumapili, saa mbili usiku, mvua ya Tywyn ikibisha vioo
kama mdai asiyejua aibu,
nashika sahani ya keki ya zabibu, napita upenyo wa ua,
nampigia hodi Glenys. Ameshawasha runinga,
ameshazima taa kubwa.
Paka amekalia kiti cha marehemu.
Hatumfukuzi.

Haya, nani anakufa leo?

Anakufa bwana mwenye kasri, dakika ya saba,
uso ndani ya supu.
Halii mtu. Alikuwa bahili, aliwanyima wapangaji makaa,
mbwa wake mwenyewe akimwona anaingia uvunguni.
Zulia halina doa. Supu haikumwagika.
Na maiti, ukimkazia macho, anapumua:
"Kifua kimepanda! Nimekiona!" Glenys anapiga kofi,
nami hapo ndipo napapenda kuliko pote,
kifo cha mtu ambaye jioni ileile
atabandua masharubu ya gundi
apitie dukani kununua maziwa.

Wenzetu wa kwaya huuliza: nyie vikongwe,
mauaji yanawaburudishaje?
Huwa nacheka tu, nikafuta miwani.
Miaka thelathini na mmoja nilikaa kaunta ya posta.
Wajane walinirudishia vitabu vya pensheni vya waume zao,
wakavisukuma chini ya kioo kwa kidole kimoja.
Niligonga muhuri. Walisema: moyo.
Walisema: mapafu. Mmoja alisema:
alikuwa anainama kuokota gazeti.
Hakuna aliyeniambia kwa nini.

Ndani ya filamu kuna kwa nini.
Kuna fundi wa piano, mama mnene mwenye baiskeli,
anayesikia uongo kama noti iliyolegea;
anawakusanya wote sebuleni, anafunga mlango,
na hapo hata kijiko kinatoa ushahidi,
hata saa iliyosimama inakumbuka ilisimamishwa na nani.
Kisha mvua inakatika, chai inamiminwa,
kijiji kinarudi kushindania maboga.

Emrys hakuwa na subira ya kungoja chai.
Dakika ya kumi, kidole hewani: "Ni mchungaji."
Miaka ishirini na miwili, kila Jumapili, mchungaji.
Hajapatia hata mara moja.
Filamu isipokuwa na mchungaji, aliuliza wamemficha wapi.
"Kikulacho ki nguoni mwako," alituambia,
"na joho lina mikunjo mingi."
Yeye, dereva wa garimoshi la watalii,
kilomita kumi na moja kwenda, kumi na moja kurudi,
hakuwahi kupotea njia
ila katika kumtafuta muuaji.

Machi alianguka kati ya jiko na mlango, birika likipiga mluzi.
Daktari hakutukusanya sebuleni.
Hapakuwa na glovu, wala barua iliyoungua nusu.
Glenys alinishika mkono wa sweta, akaniuliza, "Nani?"
Si "nini." Nani.
Nami, na mihuri yangu yote, nikalizima birika.

Leo fundi wa piano amefunga mlango.
Anampita mrithi. Anampita mtunza bustani
mwenye udongo kwenye kucha (huyo nilimwekea dau mimi).
Anasimama mbele ya yule anayetafuna biskuti,
anayetabasamu, mwenye kola nyeupe.

Glenys ameganda, kikombe nusu njia.
Halafu kicheko. Kicheko kikubwa, cha tumboni,
akakipiga kiti ngumi, paka akaruka hadi pazia:
"Emrys! Emrys, umesikia? Umepatia, mpumbavu wewe!"

Kiti kilikuwa na manyoya tu,
na shimo dogo la joto alipolala paka.

Majina ya waigizaji yakapanda,
la maiti likiwa la kwanza.
Tuliyaacha yapande yote, mpaka la mpishi wa chakula chao.
Nikamkatia kipande cha pili, akakila taratibu,
akakung'uta makombo kwenye aproni.
"Wiki ijayo," akasema bila kunitazama,
"mimi nitamshikilia daktari."