Taruma la Mwaka 1912

Kizingiti cha nyumba yetu, hapa Mwanga, ni taruma la chuma.
Lina mwaka, 1912, na jina la kiwanda
ambalo nyayo zetu zimelila, likabaki nusu neno.
Namba nilijifunzia hapo, kwa kidole cha mguu.

Baba, Ruhuza, wa gengi la Luiche,
alilileta usiku juu ya kiberenge.
Akamwambia mama, "Wamelitupa."
Mama akasema, "Serikali haitupi. Inasahau."
Wakalichimbia mlangoni, wakalala.

Kabla ya chuma kulikuwa na bega.
Babu yake baba, Mihayo, pagazi wa Unyanyembe,
alitua mzigo Ujiji, frasila mbili za nguo na shaba,
akaambiwa ndio wa mwisho.
Sugu begani mwake ilikuwa ngumu kama kisigino.
Wakampa sururu.
Akalipwa kujenga kitu cha kumfuta kazi.

Malagarasi, tuta lililomwagwa asubuhi
jioni tope limekwisha kulinywa.
Wakamwaga tena. Likanywa tena.
Waliokufa kwa homa hawakuandikwa majina,
ziliandikwa siku za kazi zilizopungua.

Mwaka wa kumi na nne, mvua hazijaisha,
kichwa kikafika majini kikapiga honi,
na ziwa, wanasema, halikujibu.
Reli haijui kuogelea. Ikakoma hapo.
Ikabidi meli nayo ipande treni,
imevunjwa vipande, imelala masandukuni
kama mgonjwa anayepelekwa kwao.

Nusu mwaka baadaye, vita.
Walioleta reli wakalipua madaraja yao wenyewe, wakakimbia.
Akaja Mbelgiji, akauliza: wenye mabega wako wapi?
Mihayo alikuwa ameshazoea sururu.
Wakamtwika masanduku ya risasi,
akatembea kando ya reli aliyoijenga,
akihesabu mataruma kwa Kinyamwezi
hadi hesabu ikamwisha.

Haya ninayasema kama niliyasikia.
Nayajua kwa macho yangu ya baba:
alivyopiga reli kwa nyundo, akainamisha sikio.
Chuma kizima hulia kama kengele.
Chenye ufa hukohoa.
Nyumbani alitupiga vifuani vivyo hivyo,
kwa ncha ya kidole, kila mwezi wa baridi.

Mwaka ziwa lilipopanda likaingia mtaani,
Kibirizi watu wakafungua maduka kwa mitumbwi,
baba, mstaafu, haoni vizuri,
alinituma kila alfajiri nikatazame:
maji yako taruma la ngapi?
Nilimdanganya siku mbili.
Ya tatu akavaa buti akaenda mwenyewe.

Na mama? Mama alikuwa ratiba.
Migebuka mikavu kwenda Tabora, asali ya Nguruka kurudi,
chumvi ya Uvinza chini ya kiti, mguu juu yake.
Treni ya Jumanne hufika Alhamisi,
naye hakuwahi kuiita imechelewa.
Alisema, "Imepitia kwa watu."

Juzi amekuja kijana wa vipimo, Elpidius,
kofia ya njano, darubini ya miguu mitatu.
Wanatafuta pa kupitisha reli mpya, pana zaidi.
Aliomba maji, akaona kizingiti, akapiga goti
mahali ambapo hatupigi goti, tunafuta miguu.
Akapitisha kidole kwenye mwaka.
"Shangazi, hii ni mali ya shirika."
Nikampa kata ya maji.
"Najua. Mlikuwa mmeisahau vizuri.
Kunywa, kisha endeleeni."

Alicheka, lakini aliandika kitu daftarini.

Usiku treni iliingia, sijui ni ya siku gani.
Nilisimama mlangoni peku.
Stesheni ni mbali, chuma hiki hakijaungwa na chochote,
ila nilihisi kinatetemeka.
Au ni mguu.
Nikakigonga kwa mwiko, nikainamisha sikio.