Namleti Mbili

Duka letu liko Ngamiani, Barabara ya Kumi na Sita,
friji moja, mlango wake umefungwa kwa mpira wa baiskeli,
na mimi ndiye ninayeufungua.

Anayeshuka kutoka Lushoto na gunia la viazi
huniambia, "Nipe ya moto,"
nami simchemshii kitu.
Namtolea ile iliyoshinda kwenye kreti na vumbi lake,
maana huku kwetu kisicho baridi ni moto,
hakuna katikati.

Watoto wa madrasa, sarafu za mchango zimelowa jasho,
kwao kila chenye mapovu ni Fanta.
"Fanta ipi?"
"Fanta nyeusi."
Wanapokezana chupa, wanapimana kwa macho
nani kapiga funda refu,
kisha wananiomba kisoda, kete ya drafti imepotea.

Binamu yake mama kaja toka Mombasa, kataka madiaba.
Nikamwelekeza duka la dawa.
Kumbe chupa kubwa tu, ya kugawana mezani.

Na yule dereva wa lori, Ilunga, mtu wa Lubumbashi:
"Mama, nipe sukari moja, ya baridi."
Mama akavuta mizani.
Akapima robo, akafunga kwenye gazeti,
akasita kwenye hilo neno baridi,
akakitia kifurushi frijini, asimkwaze mgeni.
Tukakaa hivyo, watu watatu,
tunangoja sukari ipoe.

Kwenye daftari la madeni mama haandiki soda.
Huandika mtu alivyotamka,
ndivyo anavyokumbuka, nyuso hazimkai:
Shekilindi, ya moto, moja.
Mwanaidi wa cherehani, bariiidi.
Ilunga, sukari (si sukari).
Faki Hamad, namleti mbili.

Huyo alivuka kutoka Wete kabla mama hajazaliwa.
Chupa za utoto wake, alisema, zilikuwa na gololi kooni,
unaisukuma kwa kidole gumba, inashuka inalia,
na ukishamaliza kunywa
unabaki na uchu wa gololi.
Hakuna mwingine aliyeita hivyo dukani.
Mimi, mwanzo, nilidhani Namleti ni jina la mtu,
na kwamba anawaulizia wawili.

Alizikwa Ijumaa, Shaabani inakatika.
Siku ya tatu akaja mwanawe, Makame, na sare ya kazini:
"Naambiwa baba anadaiwa soda mbili."
Mama akafunua daftari. Akalitazama kitambo.
Akapokea noti, akarudisha chenji,
akasema Mungu amrehemu.

Makame alipopinda kona nikamkumbusha, hujafuta.
"Soda zimelipwa," akasema,
kalamu akaichomeka kwenye mtandio.
"Namleti sina wa kunilipa."
Kisha akanigombeza nifunge friji,
baridi yote inatoka.