Chelewa

Gerezani, saa sita. Honda ya sabini na tatu
inawaka kwa choki tu; ukiiondoa, inakohoa, inazimika.

Nimebadili plagi, nimebadili koili,
nimemtukana aliyeniuzia.

Mwinshehe hasemi. Anafungua bakuli la kabureta,
ananusa: petroli ya mwaka juzi, imekuwa gundi.
Anaielekeza jeti juani. Giza.
"Nikupe waya?"
"Waya utapanua tundu. Fagio liko wapi?"

Anachomoa chelewa, anaichonga kwa wembe,
anaipenyeza kama anayetoboa sikio la mtoto.

Anainua tena. Nukta ya mwanga,
ndogo kuliko chawa, inamwangukia shavuni.

Napiga kiki. Kimya.
Napiga tena, jasho mpaka kwenye soksi.
"Fungulia mafuta, bwana."