Zamu ya Usiku, Ngamiani

Kwenye duka la dawa, Barabara ya Kumi na Mbili,
Mwanaidi anasoma kitabu kisicho na jalada.
Ukurasa wa arobaini, mama mkwe amegeuka mvua
na hakuna aliyeshtuka: wametoa masufuria, wamekinga.

Hilo ndilo analolipenda. Si muujiza;
ni vile wanavyoukaribisha: keti, umekula?

Mteja anagonga dirisha. Panadoli mbili.
Anahesabu chenji, anarudi kwenye mvua yake.
Kodi ya miezi mitatu,
simu ya kaka isiyoita,
vinabaki kaunta.

Alfajiri anafunga duka, anaifuata baiskeli.
Tandiko limelowa,
ilhali Ngamiani kote kukavu.

Hafuti. Anakaa hivyo hivyo.
"Shikamoo, mama," anasema,
anakanyaga pedeli.