Jina la Leso

Usimtikise nyonga, Athmani.
Zamani tulifundishwa hivyo: shika mifupa miwili,
sukuma, vuta, usikie kama inacheza.
Tuliowachezesha walivuja ndani kwa ndani,
lita baada ya lita, na shuka bado ni jeupe.

Muulize kwanza. Ana kinywa.
"Chengo, waumwa wapi?"
Ameanguka kutoka kontena la tatu, Kilindini,
kwa visigino, asema, kisha kwa matako,
na la kwanza alilouliza ni kofia yake.

Tazama miguu: mmoja umekuwa mfupi,
umelala upande kama mlango ulioachwa na bawaba.
Tazama suruali, pale mbele. Damu?
Basi mpira wa mkojo ungoje.
Mapigo mia na thelathini. Presha yashuka
polepole, kama mtu atokaye matangani bila kuaga.

Nataka kitambaa kipana. Mshipi wetu umekwenda Kwale
na mgonjwa wa juzi, haujarudi.
Sista Mkamburi atoka nje, arudi na leso ya mke.
Si kiunoni, Athmani! Shuka chini,
hapa mfupa wa paja unapochomoza, penye mfuko wa suruali.
Vuta. Zaidi. Funga na magoti.
Mji huu umezisifu nyonga kwa ngoma hadi alfajiri;
leo twaziomba zitulie.

Sasa mgongo.
Mimi kichwani, na kichwani ndiko iliko amri.
Watatu ubavuni, mikono ipishane.
Kidogo tu, asilale kifudifudi, kwa hesabu yangu:
moja, mbili,
tatu.
Teremka na kidole, pingili kwa pingili,
kama mtu achaguaye muwa Mwembe Tayari:
ngumu, ngumu, ngumu,
hapa pamebonyea. Chengo avuta pumzi kwa meno.
Hapo. Andika hapo.

Chezesha vidole vya miguu, baba.
Cha kushoto chaitika.
Cha kulia
twakitazama sote, kama watu wangojao stima irudi.
"Nimeshachezesha," asema Chengo.
Hakuna anayemjibu upesi.

Mlangoni Dama amejitanda kipande cha doti kilichobaki,
ataka kujua leso yake tumeifanyia nini.
Jina lililoandikwa mgongoni mwake
ndilo lile lile libanalo mifupa ya mumewe:
NILILOFUNGA MIMI HALIFUNGUKI.
Naomba liwe kweli hadi meza ya upasuaji,
ghorofa ya pili,
lifti ikikubali.