Kipimo cha Kamba

Asubuhi Ildikó hana maneno.
Ananyoosha mkono. Nampa helmeti yangu mpya,
kamera juu yake imesimama kama jogoo juu ya banda.
Nje, Antonov kuukuu inakohoa moshi,
rubani anamalizia kahawa wima,
na alizeti zinaanzia pale lami inapokoma
hadi mto Tisza, manjano bila haya.

Anatoa mfukoni kipande cha kamba
kilichokatwa kwenye parachuti iliyostaafu,
chembamba, kimepauka, ncha zimechomwa kwa kiberiti.
Anakiburuta juu ya kamera polepole,
kama mtu anayetafuta mwiba
kwenye unyayo wa mtoto aliyelala.

Kamba inanasa.
Kwanza kwenye pembe ya kishikizo.
Kisha kwenye skrubu ya shaba,
ile niliyoiagiza mbali nikaisubiri wiki tatu.
Mara ya tatu hata hahesabu.

"Nimeinunua kwa mshahara wa miezi miwili," nasema.
"Kamba haijui bei."

Ukutani, juu ya meza ya kukunjia parachuti,
inaning'inia helmeti iliyopasuka utosini.
"Ya Vendel," anasema.
"Parachuti inafunguka, kamba moja
ikapenya chini ya kishikizo, ikajifunga.
Alikuwa na mita elfu moja za kufikiri.
Hakufikiri. Mkono ulishaijua njia:
kidevuni, vuta, kichwa kikachomoka,
helmeti ikaenda zake."

Septemba dereva wa mashine ya kuvunia
aliileta imefungwa kwenye gazeti, kama samaki.
Kamera imekufa, kadi hai.
Waliitazama humu humu, Vendel katikati yao
akitafuna mkate wenye mafuta ya nguruwe:
mbingu, ardhi, mbingu, ardhi, kishindo,
halafu shina la alizeti,
saa moja na nusu ya shina la alizeti,
na sisimizi mmoja anayepanda, anashuka, anapanda,
mpaka betri ikakata roho.

"Sijaona filamu tamu kuliko ile," anasema Ildikó.
"Mpigaji alikuwepo kuitazama."

Kisha maswali, moja moja, kama anayeng'oa misumari:
Kifungo cha kidevuni kinafunguka kwa mkono mmoja?
Ndiyo.
Na glavu?
Ndiyo, nadhani.
Macho yamefumbwa? Mkono wa kushoto?
Naangalia viatu vyangu.
Una miruko mingapi, Barna?
Tisini na moja.

Ananirudishia helmeti.
"Ukifika mia mbili, njoo.
Huko juu hakuna dakika za kugawa,
kuna sekunde hamsini na kitu,
na lenzi ni mlafi."

Nikapanda na helmeti ya kuazima,
tupu, yenye harufu ya jasho la watu nisiowajua.
Mlango ulipofunguka, macho yangu, mazoea mabaya,
yakaanza kupanga fremu: bawa, wingu, mguu wa Ágota.
Hapakuwa na wa kumpelekea.
Basi nikaangalia saa ya kimo,
nikaangalia tena,
na kwenye elfu moja na mia tano
nikawa wa kwanza kugeuka na kuachana na wenzangu.
Sijawahi kuwa wa kwanza.
Siku zote nilikuwa yule
anayegeuka akiona migongo.

Sasa nafanya mazoezi kwenye tramu ya Szeged,
helmeti kichwani, macho yamefumbwa,
mkono wa kushoto: kidevuni, vuta.
Kidevuni, vuta.
Mama mmoja mwenye kapu la pilipili
alihama kiti.

Usiku, kwenye meza ya jikoni,
tupa, msasa, vumbi la plastiki ndani ya sukari.
Skrubu ya shaba iko kwenye droo pamoja na vijiko.
Nimeomba kipande cha ile kamba, akanikatia kidole kimoja.
Nakiburuta. Kinapita. Kinapita.
Kinanasa, kidogo tu, pale pale penye pembe,
mahali ambapo jicho halioni kitu.

Bado.