Sweta ya Mlalo

Siku ya kumi na moja, alfajiri,
nilimvua mwanangu kofia
nikaona shingo imechanua:
vipele vidogo, vyekundu, vimetapakaa
kama ufuta juu ya mkate.
Nikahesabu hadi sitini na tatu, nikapotea, nikaanza upya,
mkono ukinitetemeka
na tochi ya simu ikikaribia kuzima.

Ngamiani, barabara ya kumi na nane,
habari haihitaji miguu.
Chai haijachemka, Bi Mwanamkasi kaingia na liwa
aliyoisaga mwenyewe;
wa mlango wa pili kaleta poda.
Mwajabu, ambaye hajazaa, akasema ni jicho,
kuna mtu kamsifu bila kusema mashallah.
Mwingine akaninong'oneza: ni maziwa yako,
ulikula pweza.
Pweza! Nikalia.
Nilikula kipande kimoja tu.

Mama mkwe hakusema kitu.
Aliteremka kutoka Mlalo na basi la kwanza,
na kikapu cha karoti,
na sweta ya sufu ya kijani aliyoifuma
tangu aliposikia nina mimba.
Kwao ukungu huingia ndani bila hodi,
na mtoto asiyefunikwa huenda asiamke.
Saba amewafunika. Mmoja, wa tatu,
hakumfunika vya kutosha: ndivyo anavyosema,
alisema mara moja tu, akitazama pembeni.
Basi kila nilipofungua kifungo
mkono wake ulikuja nyuma yangu, ukakifunga.

Februari, Tanga. Hata ukuta unatoka jasho.

Zahanati, benchi la tatu.
Sista Veneranda akamvua sweta, kofia, soksi,
kanga ya juu, kanga ya chini, fulana,
akavirundika vyote kwenye mizani ya watoto,
akasoma, akaguna.
"Mwanao haumwi," akasema. "Mwanao anapikwa.
Hii ni harara. Mwogeshe maji ya vuguvugu,
mkaushe kwenye mikunjo, mwache apumue.
Poda na liwa weka kando.
Akipata homa, au vikitunga usaha, usingoje kesho."
Hakumtazama mama mkwe.
Namshukuru kwa hilo.

Lakini nani angemwambia mwanamke
aliyeipakata ile sweta njia nzima,
akinyoosha kola yake kwa kidole gumba?
Nilitafuta maneno tangu sokoni hadi mlangoni.
Nikaingia bila nayo.

Usiku umeme ukakatika, feni ikasimama.
Nikamkuta uani, juu ya kigoda,
amevua sweta yake mwenyewe
(naye alikuwa na yake, siku tisa hajaivua!)
anajikuna shingo kwa mgongo wa kitana.
Nikamulika.
Ufuta.
Ule ule, chini ya mvi,
unashuka hadi mabegani.
"Niliona haya," akasema.
"Mtu mzima kuota vipele vya mtoto."

Nikaleta beseni na kitambaa laini.
Nikaanza na shingo yake; akainama, akafumba macho,
maji yakamshuka mgongoni, akashusha pumzi
ambayo nadhani alipanda nayo basi.
Kisha akanyoosha mikono: "Mlete."
Akamwogesha taratibu, akikwepa kitovu kilichodondoka juzi,
akakausha makwapa, akakausha nyuma ya masikio,
akamlaza kifuani pake, ngozi kwa ngozi, bila uzi kati yao.

Tukakaa gizani
tukimpepea kwa zamu, kwa kadi ya kliniki.
Mara mtoto akapiga chafya.
Mikono yetu yote, yake na yangu,
ikaruka kwenye sweta,
ikakutana hapo, ikaganda.
Tukatazamana.
Tukacheka chini kwa chini
ili asiamke.